UZI: Brazil iliganda mara mbili. Ya kwanza wakatajirika Chepkube, ya pili Masaka. Uganda ilifufukaje baada ya vita?

Tani Thelathini
Wakuu habari za saa hizi. Mimi ni dereva wa lori sio mchumi, kwa hiyo mkinikosoa nikosoeni taratibu. Njia yangu ni Mutukula, Masaka, Kampala, mwaka wa kumi na moja huu, na kuna swali linanisumbua kila nikivuka pale mpakani. Hawa jamaa wa Uganda vita tuliwashinda sisi Watanzania, jeshi letu limeingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979, Masaka na Mbarara ziligeuzwa kifusi Februari ya mwaka huo huo, halafu wao wakaendelea kupigana wenyewe kwa wenyewe mpaka Januari 1986 Museveni akaingia. Nchi imekufa kabisa. Sasa ilikuwaje miaka ya 90 kila redio inasema Uganda inakua, Uganda mfano wa kuigwa?

Mwezi uliopita gari limenizingua Masaka nikalala siku tatu nasubiri spea. Pale gereji huwa anakuja mzee mmoja kupiga soga, ujana wake wote alikuwa mnunuzi wa kahawa, Kiswahili anakipiga vizuri tu. Nikamtupia hilo swali. Akacheka akaniambia kijana, wewe unauliza habari za Museveni, mimi ngoja nikwambie habari za Brazil.

Akasema hivi. Julai 1975 Brazil ilipigwa na baridi kali, mibuni ikaungua yote kule Parana, bei ya kahawa duniani ikapaa 1976 na 1977 mpaka watu wakadhani ni uongo. Uganda kahawa ipo tele. Ila mkulima lazima auze kupitia bodi ya serikali, bodi inampa bei iliyopangwa, tena kwa shilingi ambayo dukani hainunui kitu maana duka lenyewe tupu, sukari hakuna, sabuni hakuna, chumvi ya kunong'onezana. Sasa we ungefanyaje? Watu wakabeba magunia usiku wakavusha Kenya, soko la Chepkube pale mpakani. Ndio hiyo wenyewe wanaita magendo, na neno ni letu hili hili. Pesa ya ile baridi ya Brazil ikaenda kujenga nyumba za watu upande wa pili wa mpaka.

Halafu Juni na Julai 1994 Brazil ikaganda tena. Bei ikapaa tena. Ila safari hii bodi ilishavuliwa ukiritimba toka 1991, wanunuzi binafsi wanafukuzana mashambani na hela mkononi, wengine wanalipa kahawa ikiwa bado mtini. Mzee anasema mwaka ule kuanzia Masaka kwenda Kalungu huko ukipita mchana mabati mapya yanakuumiza macho. Baiskeli zikaisha madukani.

Mimi toka siku hiyo nimebaki nawaza. Nilikuwa najua kujenga nchi baada ya vita ni barabara, madaraja, simenti, wazungu na kofia zao. Mzee ananiambia barabara ilikuja ndio, lakini kitu cha kwanza kujengwa kilikuwa bei. Bei ya kahawa kwa mkulima na bei ya shilingi yenyewe. Wajuzi wa mambo mje hapa, mzee kanidanganya au?

Punda wa Chepkube
Hahaha nani ametaja Chepkube bila kuniita 😂 Mimi ni wa Bungoma bana, jina langu hapa si bure. Babu yangu mzaa mama aliifanya hio kazi. Enyewe ilikuwa soko ya usiku, punda zinashuka na magunia, baiskeli, wamama wamebeba kwa kichwa, na upande huu watu wamesimama na pesa kwa karatasi za simenti. Hakuna kupima sana, gunia ni gunia. Babu alikuwa anasema polisi walikuwa wanajua, chifu anajua, na kahawa ikishafika kwetu inabadilisha uraia inakuwa ya Kenya inaenda zake.

Kuna watu walinunua Peugeot 504 kesh na hawajui kuendesha, wakaajiri dereva. Kuna wengine walikunywa yote. Babu alinunua ng'ombe na shamba ndio maana mimi nimesoma. Kwa hio nikisikia uchumi wa Uganda ulikufa wakati wa Amin nanyamaza, maana ulikufa ukatuzaa sisi.

Lakini sio mchezo, kule walikuwa wanapigwa risasi. Amin aliamuru wanaovusha wapigwe. Punda nyingi zilirudi peke yake.

Hesabu Ndogo
Mkuu Tani, mzee hajakudanganya ila kaifupisha sana. Ngoja niongeze nyama.

Kwanza tuone kilichokufa. Toka Amin aingie 1971 mpaka 1986 pato kwa kila Mganda lilishuka kwa kama asilimia 40. Shaba ya Kilembe ilisimama, pamba ikafa, watalii wakakimbia, sukari kutoka nchi iliyokuwa inauza nje mpaka viwanda kuzalisha karibu na sifuri miaka ya 80 mwanzoni. Ikabaki kahawa peke yake, zaidi ya asilimia 90 ya mauzo ya nje. Na lile la 1972 la kufukuza Wahindi kwa siku 90 mnalijua, maduka na viwanda wakagawiwa askari na marafiki, hao ndio Waganda wakawabatiza mafuta mingi. Wanasimuliaga mtu kapewa duka la nguo akawa anauza shati kwa namba iliyoandikwa kwenye kola, anadhani ndio bei 😂 sijui kama ni kweli ila inasimuliwa kila mahali.

Sasa watu wengi wanadhani Museveni aliingia na dawa mkononi. Hapana. Mwaka wa kwanza alifanya kinyume kabisa. Agosti 1986 aliipandisha shilingi kwa amri, dola ikatoka 5,000 ikawekwa 1,400, bei zikapangwa na serikali, biashara ya kubadilishana mali kwa mali na nchi rafiki ikaanza, yaani toa maharage na mahindi upewe mashine. Matokeo yake mfumuko wa bei ukapita asilimia 200 kwa mwaka na kahawa ikaendelea kuvuka mpaka kama kawaida yake.

Mei 1987 ndio wakasalimu amri. Wakafuta sifuri mbili kwenye pesa, shilingi 100 za zamani ikawa 1 mpya, na ukienda kubadilisha unakatwa asilimia 30 inaenda serikalini. Dola wakaiweka 60 mpya, yaani 6,000 za zamani. Watu walilia. Na hata hapo haikutosha maana mtaani dola bado ilikuwa juu zaidi, lile soko la mtaani Waganda wanaliita kibanda. Sasa utamu ulipo ni Julai 1990, badala ya kuendelea kuwakimbiza watu wa kibanda serikali ikawaambia haya njooni mchukue leseni, fungueni maduka ya kubadilisha fedha, muwe halali. Kwangu mimi hiyo ndio siku vita iliisha kiuchumi. Mwenye kahawa akajua dola yake atapata kwa bei ya kweli, sababu ya kupanda punda usiku ikafa yenyewe bila risasi.

Mkulima ambaye miaka ya 80 alikuwa anapata chini ya theluthi moja ya bei ya dunia, katikati ya miaka ya 90 alikuwa anapata kama theluthi mbili na kuzidi. Msimu wa 1996/97 Uganda iliuza nje zaidi ya magunia milioni 4, ilikuwa rekodi. Hakuna aliyepanda mibuni mipya kiasi hicho, mingi ni ile ile ya babu zao, kilichobadilika ni kwamba sasa kulikuwa na haja ya kuipalilia.

Nabii wa Kijiweni
Mnachekesha nyie. Bei bei bei. Hela ilikuwa ya wazungu hiyo, miaka ya 90 karibu nusu ya bajeti ya Uganda wafadhili wanalipa, hata mimi ukinilipia nusu ya matumizi ya nyumbani kwangu nitanawiri, nitaitwa mfano wa kuigwa mtaa mzima. Mnasahau na Aprili 1998 ndio nchi ya kwanza duniani kufutiwa madeni kwenye ule mpango wa nchi maskini zenye madeni makubwa. Msimpambe mkulima hapa, aliyejenga ni mfadhili.

Hesabu Ndogo
Nabii hoja yako nzito na sikatai hela iliingia nyingi. Ila jiulize mbona Obote alipewa pia? Alirudi 1980, Juni 1981 akakubaliana na Shirika la Fedha Duniani, IMF, akaiachia shilingi, dola ikatoka kama 8 ikafika 78 kwa mkupuo, 1982 wakaweka madirisha mawili ya fedha, moja la bei ya serikali moja la mnada, misaada ikamiminika, na kweli mwaka wa 1982 na 1983 uchumi uliinuka kidogo. Kisha ukaanguka chali 1984. Kwa nini? Vita ya Luwero, Museveni akiwa msituni. Hela yote inaenda kwenye jeshi, kahawa ya pale katikati watu wamekimbia mashamba, serikali ikachapa noti. Bei nzuri inataka mtu aliyelala usiku kwake akaamka salama.

Halafu kuhusu kuchapa noti, 1992 hata Museveni mwenyewe ilimponyoka, bei zikaanza kukimbia tena, ndipo akaunganisha wizara ya fedha na ya mipango akamweka Tumusiime-Mutebile kuwa katibu mkuu, yule ambaye baadaye alikuja kuwa gavana wa benki kuu mpaka alipofariki Januari 2022. Kanuni yake ilikuwa ya mama ntilie: hela haijaingia mwezi huu, hakuna kutumia mwezi huu. Mawaziri walimchukia vibaya sana. Ndani ya mwaka mmoja mfumuko ukalala. Na kodi, 1991 ilianzishwa mamlaka ya mapato, kodi ikatoka kama asilimia 7 ya pato la taifa kufika 11 na ushee katikati ya miaka ya 90. Bado ni kidogo ndio, ndio maana mfadhili alikuwepo, hapo nakupa haki yako.

Nabii wa Kijiweni
Nimepokea nusu. Nusu nyingine bado naitafuna.

Mama Kyaka
Wanangu hamjambo. Mimi ni mtu mzima, nimeletewa huu uzi na mjukuu. Mnaongelea Uganda ilivyojengwa, na sisi tulioingiliwa je? Mimi ni wa Kyaka. Oktoba 1978 mwishoni askari wa Amin waliingia, Novemba wakalilipua daraja la Mto Kagera, wakachukua ng'ombe kwa maelfu, kiwanda cha sukari wakakomba mpaka mabati. Sisi tulikimbilia ng'ambo na watoto mgongoni. Mwalimu Nyerere akasema uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo, tukashangilia kweli kweli, na mume wangu akaenda.

Akarudi mwanzoni mwa 1981. Alikuta nini? Tuliambiwa tufunge mikanda miezi kumi na minane, mimi mkanda wangu niliufunga mpaka Mzee Mwinyi anaingia. Tulikula unga wa Yanga ule wa njano, kiatu ni katambuga, sabuni tunapanga foleni duka la kaya kuanzia saa kumi alfajiri halafu unaambiwa imeisha. Khanga ilikuwa ya kusubiri zamu. Hakuna mfadhili aliyekuja kusema hawa wameshinda vita tuwajengee.

Nina swali kwa huyo Hesabu. Marehemu alirudi na shilingi za Uganda elfu kumi, aliziweka kwenye kopo la maziwa akasema zisiguswe, Uganda ikikaa sawa ataenda kununua bati za nyumba. Kopo ninalo mpaka leo. Alipoteza kiasi gani?

Tani Thelathini
Shikamoo mama. Dah.

Punda wa Chepkube
Shikamoo mama. Lakini pia samahani niulize, mzee askari alitoa wapi elfu kumi? 😅

Mama Kyaka
Marahaba. Aliuza redio na koti. Kule kila kitu kilikuwa dhahabu.

Hesabu Ndogo
Marahaba si yangu ila shikamoo mama. Hesabu yenyewe ni hii na nisamehe ikiuma. Mwanzoni mwa 1981 kwa bei ya kitabuni dola ilikuwa kama shilingi 8 za Uganda, hivyo elfu kumi ilisomeka dola zaidi ya 1,200. Hiyo ni kitabuni, benki wasingekupa hiyo dola, mtaani ingekuwa sehemu ndogo tu ya hapo. Juni mwaka huo huo dola ikawa 78, pesa ya mzee ikabaki kama dola 128. Na angesubiri mpaka Mei 1987 akaenda kubadilisha, elfu kumi ingegeuka 100 mpya, anakatwa 30, anabaki na 70. Dola ni 60. Yaani dola moja na senti.

Bati hata moja lisingepatikana.

Na kuhusu sisi kutojengewa, mama umegusa penyewe. Ile vita inakadiriwa ilitugharimu kama dola milioni 500, na ilitukuta vibaya, jumuiya ya Afrika Mashariki imevunjika 1977, bei ya kahawa imeshuka kutoka kule juu, 1979 mafuta yakapanda bei dunia nzima. Halafu vikosi vyetu vikabaki Uganda mpaka 1981 kulinda amani. Mwalimu na IMF wakavutana, yeye akikataa kushusha shilingi kwa masharti yao. 1981 ukaja mpango wa kujinusuru kiuchumi, 1983 waziri mkuu Sokoine akawakamata wahujumu uchumi, watu wakatupa sukari na vitenge mtoni usiku wasikutwe navyo. Yaani bidhaa hakuna na zilizopo zinatupwa. Mlango ulianza kufunguka kwenye bajeti ya 1984, waziri wa fedha Msuya alipowaruhusu wenye fedha zao za nje waingize bidhaa bila kuulizwa sana wamezitoa wapi, na mkataba na IMF ukaja Agosti 1986 Mzee Ruksa, yaani Mwinyi, akiwa ameshaingia. Angalieni tarehe hizo. Sisi 1986, Uganda 1987. Mshindi na mshindwa tumefika dirisha lile lile kwa kupishana miezi tisa.

Tani Thelathini
Hiyo ya miezi tisa sikuwa naijua kabisa. Sasa tofauti ikawa wapi?

Hesabu Ndogo
Kwa sehemu ni kwamba wao waliporomoka chini zaidi kwa hiyo kupanda kunaonekana kwa haraka, mtu akitoka shimoni hatua tatu anaonekana mrefu. Na sehemu ni kwamba kwao hapakuwa na mashirika ya umma yenye nguvu ya kupinga, vita ilishayafagia, sisi mashirika tulikuwa nayo mengi na kila moja lina mkurugenzi.

Bwana Duka
Mmeruka jambo moja kubwa, mali za Wahindi. Sheria ya kuwarudishia ilikuwepo toka enzi za Obote, 1982, ila utekelezaji wenyewe ulikolea mwanzoni mwa miaka ya 90. Kakira ya Madhvani na Lugazi ya Mehta zilirudi kwa wenyewe mapema kidogo na ndio sukari ikarudi. Fikiria ugumu wake: jengo la Kampala mtu amekaa miaka ishirini, amezaa humo, anajua ni lake, kumbe anayo barua ya Amin tu. Unamwambia atoke apishe mwenyewe wa London. Kisiasa ni kujichongea. Museveni alifanya, na wafadhili walimsukuma kweli, lakini alifanya. Baada ya hapo mtu wa nje akawa anaona kwamba kuwekeza pale sio kuchezea kamari.

Nabii wa Kijiweni
Na wale mafuta mingi waliotolewa walipewa nini?

Bwana Duka
Wengi hawakupewa kitu. Na sio wote walikuwa askari, wengine walinunua kihalali kwa walionunua. Hiyo ndio sehemu chungu ya hadithi na hakuna anayeitamka kwenye mikutano ya wawekezaji.

Lapwony
Habari zenu. Mimi niko Gulu, Kiswahili yangu ni ya barakisi na ya sokoni, mnivumilie. Nimesoma yote hapa juu, Masaka mabati, Masaka baiskeli, bei ya kahawa. Sisi kahawa hatuna. Benki yetu ilikuwa ng'ombe. Na ng'ombe ya Acholi, ya Lango, ya Teso, ilichukuliwa yote kuanzia 1986 kwenda mbele, wavamizi kutoka Karamoja na watu wenye bunduki wa kila namna. Mtu alikuwa anauza ng'ombe mbili kulipa ada ya mtoto, ghafla hana hata mkia.

Kwa hiyo hiyo mwaka 1994 ya mzee wako wa Masaka mimi nilikuwa mtoto nalala porini kuogopa waasi wa Kony. Mwaka 1996 tukaanza kusukumwa kambini. Kambi ni nyumba ya udongo imebanana na ya jirani, moto ukishika moja zinaungua mia. Shamba liko kilomita tatu na huruhusiwi kwenda isipokuwa saa fulani. Mwaka 2005 tulikuwa kama watu milioni 1.8 kambini. Unakula chakula cha gunia la msaada, na nchi yako inasifiwa London kwa kupunguza umaskini! Kweli umaskini ulishuka Uganda nzima, asilimia 56 mwaka 1992 ikawa 35 mwaka 2000. Kaskazini tulibaki juu ya 60.

Kwa hiyo nikisoma "Uganda baada ya vita" mimi nauliza, baada ya vita ya nani? Kwangu mimi baada ya vita ni 2006, mazungumzo ya Juba na waasi. Serikali ikaleta mpango wa kujenga kaskazini mwaka 2007. Mwaka 2012 mkaguzi mkuu akakuta mabilioni ya pesa hiyo ya wafadhili imeingia akaunti za watu ofisini Kampala, Ireland na Norway na wengine wakafunga bomba, serikali ikalazimika kurudisha. Barabara nyingine tumepata, siwezi kudanganya, Gulu ya leo huwezi kuilinganisha. Lakini ng'ombe hazijarudi. Watu wanangoja fidia ya ng'ombe mpaka wanakufa.

Mama Kyaka
Pole mwanangu. Na sisi ng'ombe wetu tulingoja hivyo hivyo.

Lapwony
Asante mama. Inawezekana ng'ombe zenu zilipita hapa zikichinjwa 😔

Tani Thelathini
Mwalimu (nimeambiwa Lapwony maana yake ni mwalimu, nisahihishe kama nimekosea) umenifunga mdomo. Mzee wa Masaka hakunigusia kaskazini hata neno moja siku zote tatu, na mimi sikumuuliza.

Lapwony
Maana ni hiyo. Hata sisi hatuwalaumu. Mtu wa Masaka alikuwa anajua Gulu kama unavyojua wewe Brazil.

Punda wa Chepkube
Wadau swali dogo. Hawa wanajeshi wote baada ya vita walienda wapi? Manake kwetu tuliogopa sana watu wa bunduki kutoka kule.

Hesabu Ndogo
Swali zuri. Mwanzoni mwa miaka ya 90 jeshi lilikuwa na watu kama 90,000, ukitoa mshahara wao bajeti imeisha. Kati ya 1992 na 1995 walirudishwa uraiani kama 36,000, kila mmoja anapewa hela kidogo kwa awamu, mabati, mbegu na ada ya watoto, anasindikizwa mpaka wilayani kwao. Watu waliogopa ujambazi utalipuka. Haikuwa hivyo kwa kiasi kilichotegemewa, wengi walichanganyika vijijini.

Na kuna kingine nakipenda zaidi ya vyote. Mwaka 1996 walifanya uchunguzi wa hela ya serikali, sio ya mishahara, iliyotumwa shule za msingi kati ya 1991 na 1995. Kwenye kila shilingi 100 iliyotoka Kampala, shuleni zilifika 13. Kumi na tatu! Zingine zinaishia wilayani. Walichofanya ni kuanza kutangaza magazetini na kubandika ukutani kwamba mwezi huu shule zenu zimetumiwa kiasi hiki. Basi. Wazazi wakawa wanaenda kumuuliza mwalimu mkuu. Miaka michache baadaye sehemu kubwa ikawa inafika. Na ilifika kwa wakati maana 1997 elimu ya msingi ikawa bure, watoto wakatoka kama milioni 3 wakafika milioni 5.3 ndani ya mwaka, darasa moja watoto mia na zaidi chini ya mwembe.

Nabii wa Kijiweni
Hapo kwenye 13 nimekaa chini. Yaani mfadhili anatoa 100 zinafika 13 halafu mimi nilisema aliyejenga ni mfadhili. Haya nusu ile iliyobaki nimeimeza, ila na nyie mkubali bila ile 100 hata 13 isingekuwepo.

Hesabu Ndogo
Nakubali bila kinyongo.

Mwalimu Lapwony aliuliza hapo juu baada ya vita ya nani, nami nina la kusema (samahani jina langu refu admin hajaniruhusu kubadilisha)
Mimi ni wa Bukoba, kahawa ninayo hekari mbili. Nataka niwaambie magendo haijafa, imegeuka tu mwelekeo. Miaka ya karibuni bei ya Uganda ilikuwa nzuri kuliko ya chama chetu cha ushirika na malipo ni papo kwa papo, sisi tukawa tunasubiri malipo ya pili mpaka Krismasi inapita. Basi usiku pikipiki zinalia kuelekea Mutukula. Serikali ikatukimbiza, ikaweka vizuizi, tukaitwa wasaliti. Nikisoma habari ya Chepkube naona ni mimi huyo, ila sasa punda ni Boxer na mimi ndio niko upande wa bodi. Majirani zetu waliopigwa ndio wananunua kahawa yetu, sisi tulioshinda ndio tunaivusha gizani. Hapo nani kamjenga nani?

Tani Thelathini
Kaka kwenye lori langu usije 😂 mimi nabeba mchele na nina familia.

Punda wa Chepkube
Babu angekuwa hai angekwambia njia.

Mama Kyaka
Mjukuu ananiambia zile noti za kopo hata kwa kibanda hazipokelewi tena. Nimewapa watoto, toka asubuhi wanacheza duka barazani. Yule mdogo kamuuzia mwenzie jani la mgomba kwa elfu moja, kamwambia hakuna chenji.